Bonifasi wa Ngazi ya Sita

Bonifasi alirudi nyumbani Butiama kutoka semina ya Bunda akiwa mpole, na upole huo ndio uliomtia mke wake hofu.

Hakuuliza nani kaacha geti la zizi wazi. Alipoletewa ugali na mlenda ambao Petronila alikuwa amesahau kuutia chumvi, alikula akamaliza, akasema ahsante. Petronila alikuwa ameishi na mwanaume huyu karibu miaka thelathini, na neno ahsante alikuwa amelisikia kinywani mwake mara chache, tena likiwa linakwenda kwa padri. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja.

"Baba Hyasinta, huko Bunda ulipima malaria?"

"Siumwi."

"Basi kuna mwanamke."

"Mama Hyasinta," akasema Bonifasi, bado kwa ile sauti ya chini, "maneno kama hayo ni ya ngazi ya pili."

Ndipo akaeleza. Semina ilikuwa ya viongozi wa vigango vya kanisa, na mwezeshaji, Bwana Faustine, alikuja na kalamu nene za rangi nyingi akachora ngazi kwenye karatasi ya manila. Mtu mzima, alisema Faustine, haachi kukua eti kwa sababu ameota ndevu. Anakua ndani, ngazi kwa ngazi, mpaka siku anakufa. Chini kabisa yuko mtu wa nipe nishibe. Juu yake yuko wa watu watasemaje. Anafuata wa sheria ni sheria, halafu yule anayeanza kumuuliza Mungu maswali, na mwingine ambaye maisha yamemvunja akakubali kuvunjika. Ngazi ya sita ni ya mikono wazi, mtu asiyeng'ang'ania kitu. Ya saba ni ya watakatifu, na Faustine alikiri kwamba huko hamjui mtu. Alisema pia kwamba kupanda ngazi hizo kunachukua maisha mazima. Bonifasi alizipanda kabla ya chakula cha mchana.

Watu wengine wana haraka jamani.

"Kwa hiyo wewe uko ya sita," akasema Petronila.

"Sikujiweka mimi. Nilijikuta."

"Na mimi?"

Bonifasi akamtazama kwa huruma. Petronila alikuwa ya pili. Binti yao Hyasinta, mwalimu wa shule ya msingi kule Kiabakari, alikuwa ya tatu, kwa sababu walimu wanapenda sheria. Mugeta, mdogo wake Bonifasi anayekaa ng'ambo ya korongo, alikuwa ya kwanza, tena alikuwa amekaa kabisa, hana mpango wa kunyanyuka. Hata dume la kulimia lilipewa ngazi kumzidi Mugeta.

"Haya," akasema Petronila akiokota sahani. "Ila Jumamosi wageni wa Murangi wanakuja kuongea ng'ombe za Hyasinta. Naomba siku hiyo ushuke kidogo, tumalizane nao, halafu utapanda tena."

Bonifasi akatabasamu, na Petronila hakulala vizuri.

*

Kuongea ng'ombe, kwa watu hawa, ni kazi ya siku nzima na ndio utamu wake. Upande wa binti unaleta kifurushi cha vijiti, kila kijiti ng'ombe. Upande wa kijana unavitazama, unashika kichwa, unaguna, unaita majina ya marehemu wao. Kisha vinaanza kutolewa na kurudishwa. Anayetaja ng'ombe akakubaliwa bila kelele hujiona ameuza bei ya kutupa, na anayetoa bila kulia huonekana ana dharau. Kwa hiyo watu wa heshima hulia.

Masatu, baba yake Evance, kijana aliyemposa Hyasinta, alikuwa amekuja kulia. Alikuwa mtu mfupi wa shingo nene, mvuvi tangu utoto, na siku hiyo alivaa koti zito juani kwa ajili ya heshima. Aliongozana na kaka zake wawili na mshenga wao, Clementi, mzee mwenye mwavuli ambaye alifahamika mwambao wote kwa kuguna. Huko jikoni Hyasinta alikuwa amekaa na mama yake na majirani, masikio yote ukutani.

Chai ilinywewa, sala ikasaliwa. Mugeta akaweka kifurushi cha vijiti mezani, macho yakimng'aa, kwa maana baba mdogo ana ng'ombe wake katika hesabu ile, ni desturi. Bonifasi akakishika kile kifurushi. Akaanza kuhubiri habari za Bunda, ngazi moja baada ya nyingine. Wageni wakatikisa vichwa kwa adabu, wakidhani ni aina fulani ya utangulizi wa watu wa Butiama. Alipofika ya sita akanyamaza, akatoka, akaingia jikoni, akainama akasukuma vijiti vyote chini ya sufuria ya nyama. Vilikuwa vikavu. Vikashika moto mara moja.

"Baba Hyasinta," Petronila akanong'ona, "hizo si kuni."

Bonifasi akarudi sebuleni.

"Sitaki ng'ombe," akasema. "Mchukueni binti yangu bure."

Masatu alikuwa ameshafungua mdomo ili agune. Mdomo ukabaki hivyo.

"Hata dume mmoja?" akauliza baadaye.

"Hata mbuzi."

"Mzee anatania," akasema Clementi akicheka peke yake. "Watu wa huku wanajuaga utani sana."

"Sitanii."

Wageni wakaomba nafasi. Wakaenda kusimama nyuma ya tanki la maji, na kutoka dirishani ulionekana mwavuli wa Clementi ukipanda na kushuka kwa maneno. Waliporudi hawakukaa.

"Tumesikia," akasema Masatu. "Tunakwenda kuongea nyumbani."

"Kuongea nini tena, wakati nimewapa?"

"Ndiyo hilo tunalokwenda kuongea."

Petronila akaja na maji ya kunawa na nyuma yake akina mama wamebeba wali, mbuzi na ndizi. Masatu akaweka mkono tumboni.

"Tumeshiba, mama."

Mtu katoka Murangi alfajiri, kashinda na chai ya rangi na kipande cha muhogo, kashiba nini? Petronila alibaki amesimama na jagi lake la maji mpaka wakatokomea barabarani. Majirani zake, ambao kesho wangeisimulia habari hii kisimani, walikuwa wanatazama chini kwa upendo mkubwa.

Nyama ililiwa na Mugeta. Alikula kwa hasira, akivunja mifupa.

"Kaka, umenichinja. Ng'ombe wangu umemchoma kwenye mafiga."

"Ndiyo maana nilisema uko ngazi ya kwanza."

"Mimi niko hapa hapa kwenye nyama," akasema Mugeta. "Wewe uliye huko juu, angalia utaangukia nani."

*

Evance alikuwa fundi wa injini za boti pale Musoma mjini, karibu na ziwa. Jumatano baada ya vipindi Hyasinta alimfuata. Wakakaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki, na sato akaletwa mzima, kichwa na mkia. Evance hakumgusa. Hyasinta alikuwa hajawahi kumwona Evance akiachia sato, na hapo akajua mambo ni mazito.

"Sema tu," akamwambia.

"Shangazi anasema una kifafa."

"Mimi?"

"Mjomba yeye anasema una mtoto Mwanza umemficha. Wanasema hakuna mzee wa Butiama anaachiaga binti mwalimu bure. Labda ana kasoro."

"Na baba yako?"

Evance akajifuta mikono kwa tambara lenye mafuta, mikono ambayo ilikuwa safi.

"Baba hasemi kasoro. Baba anasema mzee wako katuona sisi si watu. Unajua zile ng'ombe alishazinunua?"

Hyasinta hakujua. Evance akamweleza. Masatu alikuwa ameuza mtumbwi wake mkubwa, ule wa injini, akaenda mnadani Bunda akanunua ng'ombe kumi kwa mpigo. Alisema watu wa Butiama ni watu wa ng'ombe, hataenda kwao na harufu ya dagaa tu, akadharaulike. Sasa ng'ombe wako Murangi kwenye uwanja wa kuanikia samaki, katika familia ambayo haina mtu hata mmoja anayejua kuchunga. Wamekula muhogo wa jirani. Wamekanyaga dagaa za mama yake. Mmoja alikutwa anatafuna wavu. Na kila mtu anayepita anauliza ng'ombe hao ni wa nini, na Masatu anajibu kwamba anajaribu ufugaji.

Hyasinta alitaka kucheka, na kweli alianza, lakini kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya samaki.

"Jumamosi anazirudisha mnadani," akasema Evance. "Gari kashaliongea. Zikipanda gari, ndio basi. Kashasema hatapeleka mshenga kule mara ya pili."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nakutaka. Lakini hawaniulizi."

"Karibu," akasema Hyasinta. "Mimi hawajaniulizaga tangu nizaliwe."

*

Alhamisi jua likiwa bado juu, Hyasinta aliingia nyumbani Butiama bila hodi. Baba yake alikuwa uani anachonga mpini wa jembe, akipiga mluzi wa wimbo wa sadaka. Petronila alikuwa anachambua dengu.

"Baba, uko ngazi ya ngapi leo?"

"Mwanangu, hazibadiliki kila siku."

"Nauliza kwa sababu mtu akipanda, lazima akanyage kitu. Umenikanyaga mimi."

Akamweleza yote, kifafa, mtoto wa Mwanza, mtumbwi uliouzwa, gari la Jumamosi. Bonifasi aliacha kupiga mluzi kwenye habari ya mtumbwi. Alikuwa hajui. Katika ngazi zake zote hakukuwa na mahali palipoandikwa mtumbwi.

"Lakini mimi nilikupa uhuru," akasema. "Nilisema hauzwi kama mbuzi. Ulitaka niseme nini?"

"Ulisema bure. Nikiwa jikoni nasikia, na majirani wanasikia. Bure, baba. Mimi leo nikienda Murangi nikakosana na wifi, ataniambia nini? Ataniambia nyamaza, wewe ulitupwa." Akakaa chini kwenye mkeka. "Ungenitoa kwa ng'ombe, usingeniuliza. Umenitoa bila ng'ombe, hukuniuliza. Sasa tofauti iko wapi?"

Bonifasi akageuza mpini mkononi, akautazama upande huu na upande ule. Mtu wa ngazi ya sita angekuwa na jibu. Yeye alikuwa na mpini.

"Mama yako anajua kwa nini," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo haikuwa ya Bunda.

Petronila akaendelea kuchambua dengu.

"Mimi najua nini?"

"Mwaka ule uliorudi kwenu."

Mikono ya Petronila ikasimama. Jambo hili halikuwa limetajwa katika nyumba ile tangu litokee.

"Ulikuwa tumboni," Petronila akamwambia Hyasinta bila kumtazama. "Baba yako alikuwaga anakunywa. Alinipiga, nikaenda kwa baba yangu. Baba akanisikiliza vizuri, akaniambia pole, ng'ombe zimeshaliwa, rudi kwa mumeo."

"Ulirudi na kibuyu cha maziwa kichwani," akasema Bonifasi. "Baba yako aliniletea mimi. Eti pole kwa usumbufu." Akauweka mpini chini. "Na mimi nikayanywa yale maziwa. Nikakaa pale kwenye kiti nikayanywa yote. Sasa juzi nilipoviona vile vijiti mezani nikasema binti yangu asije akaambiwa ng'ombe zimeliwa. Ndiyo maana nikachoma."

Kuku akapita katikati yao, hakuna aliyemfukuza.

"Ungesema hivyo mbele ya wale watu," akasema Petronila, "wangekula chakula changu. Wewe ulisema ngazi."

Na tuseme ukweli, ilikuwa nusu kwa nusu. Maziwa yale yalikuwa yamemkaa Bonifasi kooni miaka yote, hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba alipokuwa anainama kusukuma vijiti motoni, alikuwa anawaza jinsi atakavyoisimulia habari hiyo kwenye semina ijayo.

Akanyanyuka akaenda zizini, akasimama katikati ya ng'ombe wake. Huko akampigia simu Faustine kuomba ushauri. Simu iliita sana, na ilipopokelewa nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Mzee Bonifasi, nipigie baadaye. Wageni wangu wamekwama kwenye kumi na mbili."

"Kumi na mbili nini?"

"Ng'ombe. Naoza binti yangu wa tatu. Wanataka kumi na mbili, mimi nimekaa kwenye kumi na tano."

Bonifasi akatazama simu, akairudisha sikioni.

"Bwana Faustine, na ile mikono wazi?"

"Sasa mzee," akasema Faustine, "mkono ukiwa umefumbwa utapokelea nini?" Na simu ikakatika.

*

Asubuhi ya Ijumaa Bonifasi alivaa shati la Jumapili, akamwambia mke wake wanakwenda Murangi.

Mugeta alipopata habari alikuja mbio mpaka kandambili moja ikabaki korongoni. Baba wa binti hafuati ng'ombe, akasema. Ng'ombe ndio wanaomfuata baba wa binti. Hata mababu zao mwaka wa njaa hawakwenda kwa wakwe kuomba ng'ombe, walikufa na heshima zao. Watu watacheka mpaka Kiabakari.

"Watacheka," akakubali Bonifasi.

"Basi mimi siendi kujiaibisha." Mugeta akakaa kwenye jiwe. Walipokuwa wameshafika barabarani akawaita kwa nyuma: "Ila mkizipata, mnikumbuke."

Njia nzima Petronila alikuwa anampa mafundisho. Ziko kumi, alimwambia. Ukitaja kumi, utakuwa umechungulia mfukoni mwake. Ukitaja tano, umemwua. Taja kumi na tano, halafu uwe mgumu.

"Sasa huo si uchoyo?"

"Baba Hyasinta, wewe uwe mchoyo tu leo. Mungu atakuelewa."

Murangi waliwakuta watu wote ufukoni, maana ndiyo saa mitumbwi inarudi. Ng'ombe kumi walikuwa wamefungwa kwenye miti ya kuanikia nyavu, na Evance, aliyeomba ruhusa kazini, alikuwa anavutana na mmoja aliyetaka kuingia ziwani. Bonifasi aliona kamba imefungwa vibaya shingoni, akatamani kwenda kuifungua. Akajizuia. Ng'ombe hawakuwa wake.

Masatu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi mdogo, ule uliobaki. Aliwaona. Hakunyanyuka wala hakusema karibu, na mke wake Flora, aliyetaka kuleta kiti, alitazamwa mara moja akakiacha kiti. Kwa hiyo Bonifasi na Petronila walisimama kwenye mchanga, kati ya matenga ya dagaa, na watu wakaanza kusogea kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya ana kazi pale karibu.

"Mmepotea njia?" akauliza Masatu.

"Hapana, mzazi mwenzangu. Tumekuja kwako."

"Sisi hatuna cha kukupa. Ulisema hata mbuzi."

Bonifasi akasafisha koo. "Unajua, mtu mzima katika kukua kwake..." Petronila akamfinya kwenye mbavu, akafinya kweli, na maneno yakaisha. Bonifasi akavua kofia.

"Nimekuja kuomba ng'ombe," akasema.

Kijana mmoja akacheka. Mwingine akampokea. Kicheko kikapita ufukoni mpaka kwa wanawake wanaopara samaki, na mmoja wao akauliza kwa sauti kama siku hizi Butiama ng'ombe wameisha. Masikio ya Bonifasi yalikuwa yanawaka. Zamani angekuwa ameshapigana, na wiki iliyopita angekuwa ameshawapa ngazi. Alisimama tu na kofia yake mkononi, akaona kwamba aibu ni kitu ambacho mtu anaweza kusimama ndani yake asife.

"Sikujua habari ya mtumbwi," akaendelea. "Nilikukosea. Ulikuja kwangu na heshima, nikakurudisha nayo hujaishusha. Naomba ng'ombe za binti yangu."

Masatu akatazama ng'ombe wake. Kisha akakohoa.

"Ngapi?"

"Kumi na tano."

Na hapo Masatu akashika kichwa.

Lilikuwa guno ambalo alilitunza tangu Jumamosi iliyopita, lilikuwa limeiva, likatoka lote. Akamwita baba yake marehemu. Akamwita na babu. Clementi, ambaye hakuna aliyejua katokea wapi, akafungua mwavuli wake na kuguna sauti ya pili.

"Kumi na tano? Mzee, hili ziwa umeliona ni langu peke yangu?"

"Binti kasoma."

"Kasoma, sikatai. Lakini hajasoma mpaka kumi na tano. Nane."

"Nane ni ya mtu hajui kuandika jina. Kumi na nne, na hapo nimekuonea huruma."

"Huruma gani ya kumnyonga mtu? Tisa, na mmoja wao ana mimba."

"Hana mimba huyo. Ana gesi, mmemlisha muhogo mbichi."

Watu wakacheka, Masatu naye akacheka akasahau kwamba amekasirika. Flora akaleta viti. Bonifasi alikuwa amepandisha mikono ya shati na kulia machozi ya kweli juu ya ng'ombe wa kumi na tatu, na Petronila, aliyekuwa anamwona mume wake akiwa mchoyo kwa moyo wote mbele ya kijiji kizima, alimpenda siku hiyo kuliko siku waliyofunga ndoa. Mchana ulipofika wakagota kwenye kumi. Masatu akaapa kwamba amefilisika. Bonifasi akaapa kwamba amedhulumiwa. Wakashikana mikono, wote wawili wameridhika kabisa.

"Kuna neno moja," akasema Bonifasi, bado ameushika mkono wa Masatu. "Ng'ombe hawa nitawafuga. Siku Hyasinta akirudi kwangu analia, sitamwambia wameliwa. Nitawaswaga mwenyewe mpaka hapa."

Masatu akauvuta mkono wake polepole.

"Unasema mwanangu atampiga?"

"Nasema mimi nilimpiga wa kwangu," akasema Bonifasi. "Huyu hapa. Na ng'ombe ndio walimrudisha kwangu."

Haikuwa habari ya kusemwa mbele ya watu, na wanaume kadhaa walipata kazi ya haraka kwenye nyavu zao. Petronila aliinamisha uso. Masatu akamtazama yeye, akamtazama Bonifasi, hakujua aweke wapi macho.

"Mwanangu hapigi mtu," akasema.

"Kama hapigi," akasema Flora kutoka nyuma, "hasara ya kukubali iko wapi, Baba Evance? Mimi hilo nimelipenda. Kwetu hakuna aliyenisemea hilo."

Masatu akajikuna shingo. Akaguna, lakini kidogo.

"Haya. Na ndama je?"

"Na ndama wao."

"Basi tumemaliza. Evance, fungua."

"Bado," akasema Bonifasi. "Kuna mtu mmoja hajasema."

Akatoa simu, akabonyeza, akaweka spika. Hyasinta alipokea kwa sauti ya chini, na nyuma yake watoto wa darasa la tatu walikuwa wanasoma jedwali la kuzidisha.

"Baba, niko kipindi."

"Najua. Niko Murangi kwa wakwe. Tumeshakubaliana sisi wazee, na gari la mnadani halitakuja."

"Ahsante, baba."

"Subiri. Nakuuliza mbele yao wote. Huyu Evance, wewe mwenyewe unamtaka?"

Jedwali likaendelea, tatu mara sita, tatu mara saba. Masatu akamnong'oneza Clementi kwamba hili swali linaulizwa sasa hivi la nini. Evance aliachia kamba, na ng'ombe wake akaingia ziwani mpaka magotini akaanza kunywa. Bonifasi alielewa kwamba binti akisema hapana, yeye atarudi Butiama mikono mitupu, aibu yote ya leo itakuwa ya kazi bure, na yeye itabidi awaage watu hawa na kuondoka. Hakuirudisha ile simu mfukoni. Hakusema neno la kumsaidia. Alisubiri.

"Baba," ikasema simu, na sauti ilikuwa imelowa. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Darasani watoto walikuwa wamenyamaza, kwa sababu mwalimu wao alikuwa analia na kucheka.

"Namtaka," akasema Hyasinta.

Bonifasi akazima simu. Akajipangusa uso kwa kofia, akaenda mwenyewe kumtoa ng'ombe majini.